Ishirini na Nane Ipi?

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Nimeombwa nizungumzie uchaguzi wa tairi na vifaa vya gurudumu kwa baiskeli za mbio, na mwenyekiti amenipa nusu saa. Wanaonijua wameshaanza kucheka, maana wanajua nusu saa hiyo itaishia wapi: ubavuni mwa tairi. Chekeni tu. Nitanyamaza siku watu watakapoacha kuingia dukani na kusema, "Nipe ya ishirini na nane."

Ishirini na nane ipi? Baiskeli ya babu, ile nyeusi ya breki za fito, tairi yake imeandikwa 28 x 1½. Baiskeli yako ya mbio ni 700C, na kuna watengenezaji wa Ulaya wanaoiandika nayo 28. Halafu kuna upana wa milimita 28, ambao wengi wenu hapa mnauendesha. Muuza duka anakupa iliyo karibu na mkono wake, basi.

Sasa tafuta maandishi madogo ubavuni, namba mbili zenye kistari katikati. Ya babu inasema 40-635. Yako inasema 28-622. Namba ya kwanza ni upana wa tairi. Ya pili ni kipenyo cha ringi pale waya wa tairi unapokaa, kwa milimita. Hiyo ya pili haina mjadala: 622 huvaa 622.

Mnunuzi wa mtumba wa Kijapani ndiye anayenisikitisha zaidi. Baiskeli imeandikwa 27, naye ana tairi ya 29 ya baiskeli ya mlimani, anajiambia 29 ni kubwa mno. Jamani! Ile 27 ni 630, na 29 ni 622, ringi ile ile ya 700C. Kwa hiyo ndiyo, ishirini na saba inaishinda ishirini na tisa. Inchi zilikadiria kimo cha nje cha gurudumu pamoja na unene wa tairi. Unene umebadilika, majina yamebaki.

Najua kuna anayesema moyoni, "Fundi, mbona yangu ya 27 iliingia kwenye 700C?" Iliingia, tena kwa vidole bila hata kijiko cha kuvalishia tairi, na hapo ndipo ulipopaswa kushtuka. Pengo la milimita 8 halionekani tairi ikiwa tupu. Ukijaza upepo, waya unapanda juu ya ukingo, tyubu inachungulia, kisha mlio. Ikikutokea uani umepoteza tyubu. Ikikutokea ukiteremka mlima wa Kitonga na lori liko nyuma yako, sitaki hata kuimalizia sentensi hiyo.

Haya, upana. Zamani tairi nyingi za mbio zilikuwa milimita 23, na mzee wangu pale nyuma bado anazitetea. Shikamoo mzee, lakini hapana. Kwenye lami yenye viraka, tairi nyembamba iliyojazwa hadi kuwa jiwe inakurusha juu badala ya kukusukuma mbele, na kila mruko unakula nguvu yako. Waendeshaji wa kulipwa wenyewe wameshahamia 28 na zaidi. Kama una kilo 70 na tairi ya 28, anzia psi 70 (kipimo cha msukumo wa upepo) nyuma, mbele punguza tano hivi kwa sababu uzito mwingi uko nyuma, kisha urekebishe kwa kuendesha. Ile namba ya juu kabisa iliyoandikwa ubavuni ni mpaka, si maagizo. Ila kabla ya kununua pana, pima nafasi kwenye uma wa gurudumu la mbele na kwenye breki. Fremu za zamani zenye breki za ringi mara nyingi zinagoma hata kwa 28.

Na wenye ringi mpya zisizo na ndoano ya kushikilia ukingo wa tairi: mwisho wenu ni bar 5, yaani psi 72 na kidogo, na lazima tairi iwe imeruhusiwa kwa ringi hizo. Februari 2024, kwenye mbio za UAE Tour, tairi ya Thomas De Gendt, mwendeshaji wa kulipwa kutoka Ubelgiji, ilichomoka kwenye ringi ya aina hiyo, akaanguka. Ilikuwa ya 28 juu ya ringi yenye upana wa ndani wa milimita 25. Kanuni mpya inasema kwa ringi ya 25 kima cha chini ni 29. Kama ilimpata mtu mwenye makanika kwenye gari nyuma yake, wewe pima mara mbili.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Spoki basi, haraka: gurudumu lenye 32 likikatika moja unarudi nyumbani, lenye 20 likikatika moja linapinda na kusugua fremu. Angalieni nyuma upande wa gia, ndiko zinakokatika. Wenye breki za ringi, vumbi na tope letu ni msasa. Kile kijishimo cha alama ya kuchakaa ubavuni mwa ringi kikifutika, ringi imekwisha, tupa.

Friwili na kaseti, yaani seti ya gia za nyuma na inapokaa, ni mhadhara mzima, nitasema moja tu: ya Shimano na ya Campagnolo haziingiliani, ulizeni kabla ya kulipa. Ekseli ya nyuma, milimita 130 kwa breki za ringi, 142 kwa diski, na asiwepo fundi wa kuitanua fremu ya kaboni kwa mikono. Maswali, tafadhali, na mzee aanze, naona amekasirika.