Geneva wanajadili, vitani kanuni zishajiandika

Jamani tuanze, muda wenyewe mdogo. Naongelea silaha zinazojitafutia shabaha, yaani ukishaiwasha inatafuta na kupiga yenyewe, na swali langu ni kanuni za hivi vitu zinatokaga wapi hasa. Wengi mtasema Geneva. Kweli nchi zinakaa pale kuzijadili tangu 2014, chini ya ule mkataba wa 1980 wa kuzuia baadhi ya silaha za kawaida, na 2019 wakapitisha misingi 11, mmojawapo unasema dhamana inabaki kwa binadamu, huwezi kuisukumia mashine. Shida pale lazima wote wakubali, nchi moja ikigoma basi imeisha hiyo. Ndo maana watu wakahamia New York, Desemba 2024 nchi 166 zikapitisha azimio juu ya silaha hizi Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, 3 tu zikapinga, Urusi, Belarus na Korea Kaskazini. Ila azimio la pale halimfungi mtu.

Sasa mi naona kanuni inayofanya kazi kweli ishatengenezwa kitambo, na sio na mabalozi. Chukueni Patriot, mtambo wa Marekani wa kutungua makombora. Machi 2003, vita ya Iraq, ndege ya Waingereza aina ya Tornado inarudi zake kambini Kuwait, mtambo ukaisoma kama kombora linalowajia askari wa mtambo, ukaiuliza ile ishara ya utambulisho, ya kuonyesha ni ya upande wao, ndege kimya. Wale askari ndege hawaioni, wanaona alama tu kwenye skrini na muda wa kufikiri hamna, wakafyatua. Wawili wakafa palepale. Siku kama kumi hivi baadaye Patriot ikatungua na ndege ya Wamarekani wenyewe.

Haya, binadamu alikuwepo? Si alikuwepo! Kwa lugha ya Geneva hapo unatiki kabisa, udhibiti wa binadamu upo. Alikuwa anadhibiti nini wakati kila anachokijua kaambiwa na mashine? Na mitambo ya aina hiyo majeshi kibao yanayo, tumeizoea, na huko kuzoea ndo kanuni inavyozaliwa bila mtu kuipigia kura.

Mtaniambia mbona leza za kupofusha macho zilipigwa marufuku 1995 hata hazijasambaa. Sawa, ila hamna jeshi lililokuwa limezitegemea, kuziacha ilikuwa rahisi. Hizi za kutungua makombora majeshi yanazitegemea, zipo hadi kwenye meli zao tayari. Kwa hiyo balozi akisimama kusema udhibiti wa binadamu, mi namuuliza sekunde ngapi, na huyo binadamu ana ruhusa ya kuikatalia mashine au atashtakiwa?