Wajukuu Ndani ya Boti

Kaka na dada zangu, shikamooni. Wadogo zangu, shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjasalimia. (Kicheko.)

Katibu alinipa mada pana, "kusafiri na wajukuu". Nimeipunguza makusudi. Leo nazungumzia kuwapeleka wajukuu kuona wanyama kwa boti, mtoni na baharini, kwa sababu naona ndiyo safari inayotufaa zaidi sisi wastaafu, na wengi wetu hata haitujii akilini. Ukitaja mbuga, kila mtu anaona gari lenye paa linalofunguka.

Gari ni safari ya wazazi. Baba na mama wameomba ruhusa kazini siku mbili. Wanataka simba, tembo, nyati na chui, wapige picha, wageuze. Mtoto naye anaambukizwa haraka ileile. Mmesimama kwa twiga dakika tatu, anauliza, "Simba yuko wapi?" Sisi tuna mali moja ambayo wao hawana, nayo ni muda. Boti inajua kuutumia. Injini ikishazimwa hakuna pa kukimbilia. Bibi mwenye goti bovu amekaa, mtoto wa miaka saba amekaa, na wote wawili wanatazama kitu kimoja. Safari za miguu zinatubagua sote, wao kwa udogo na sisi kwa magoti. Kuwaona sokwe wa milimani kule Uganda na Rwanda, aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi. Silalamiki, maana mafua ya mtoto yanaweza kumuua sokwe. Lakini ndiyo hivyo, mjukuu anabaki nje.

Basi niwapeleke Rufiji, ninakokujua. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ilimegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, na mto unapita ndani yake pamoja na maziwa yaliyoungana nao, kama Tagalala, Manze na Nzerakera. Kwa gari unatoka Dar es Salaam, Mkuranga, Kibiti, kisha unaacha lami kuelekea Mloka hadi lango la Mtemere. Mwenye uwezo anapanda ndege ndogo, na hazimalizi saa. Msiende masika. Kuanzia Machi hadi Mei kambi nyingi hufungwa na barabara haina huruma. Nendeni kuanzia Juni hadi Oktoba, maji yanapopungua na wanyama wanapolazimika kuja mtoni. Na Juni shule zinafunga! Sijui kama kuna serikali iliyopanga vile, lakini tushukuru.

Boti zenyewe ni za alumini, tambarare chini, na turubai juu la kukinga jua. Mizunguko mingi ni ya saa mbili au tatu, asubuhi au alasiri, na huo ndio urefu wa subira ya mtoto. Usimpeleke kutwa nzima.

Sasa kiboko. Watu wazima wakishapiga picha ya masikio na pua juu ya maji, wamemaliza. Mtoto hajamaliza, kama utampa kazi. Mpe kazi hii: kiboko akizama, aanze kuhesabu. Kiboko mkubwa anaweza kukaa chini kama dakika tano, na humo chini haogelei, anatembea kwenye sakafu ya mto na kujisukuma kwa miguu. Hata akilala majini, mwili unampandisha kupumua bila yeye kuamka. Ndama huibuka mapema zaidi. Wajukuu zangu walihesabu kwa sauti, mmoja akachagua dume, mwingine ndama, na nahodha akawa refa. Kila pua ilipotoka na kupuliza maji, kelele! Nilidhani nahodha atatunyamazisha, kumbe naye alikuwa na kiboko wake. (Kicheko.) Tulikaa kundi lile moja mpaka jua likaanza kushuka, hakuna aliyeniulizia simba.

Na wataona kiboko akijisaidia, akikitawanya kinyesi kwa mkia huku na huku. Msigeuze nyuso. Watacheka mpaka wakose pumzi, na hapo ndipo pa kuwaambia kwamba yule mnyama hula nyasi nchi kavu usiku, makumi ya kilo, kisha huzirudisha mtoni, na wadudu na samaki wanaishi kwa hizo. Ukiwaambia hayo mezani nyumbani watasahau. Pale hawasahau.

Mamba nao. Mtoto anaogopa mdomo ulio wazi, mwambie anajipunguza joto. Mama mamba hutaga mchangani na kulinda kiota kwa muda wa miezi mitatu hivi. Watoto wakikaribia kutoka hulia wangali ndani ya mayai, mama akasikia, akafukua, akawabeba kwa mdomo mpaka majini. Mjukuu wangu wa kike aliuliza, "Bibi, anajuaje asiwameze?" Nikamtazama nahodha, nahodha akatazama mto.

Halafu kuna keremkerem. Ukingo wa udongo umetobolewa matundu kama mia, na kila tundu lina ndege anayeingia na kutoka. Mtazameni akinasa nyuki: hammezi hivihivi, anampigapiga na kumsugua kwenye tawi mpaka sumu ya mwiba imtoke. Boti ikisogea taratibu mtaona yote bila darubini. Lakini darubini bebeni, moja kwa kila mtoto. Mkichangia moja mtashinda mnaamua ugomvi.

Upande wa bahari nitapita haraka zaidi. Likizo ya Desemba, kisiwa cha Mafia. Papa potwe huonekana kwa wingi upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi karibu Machi. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na chakula chake ni vidudu na vidagaa vya kuchuja majini. Wengi wanaokuja Mafia ni madume machanga, lakini hata hao ni warefu kuliko gari lako. Madoa yao hayafanani, kila mmoja na yake, na watafiti huwatambua kwa picha za madoa hayo. Mtoto anayeogelea vizuri anashuka na mtu mzima. Asiyejua anabaki nawe juu, na mgongo ataona. Mtu yeyote asimguse papa. Njia ya kawaida ni boti kutoka Nyamisati, Kibiti hiyohiyo. Na anayeishi pwani asisahau nyangumi wenye nundu, wanaopita kwetu kati ya Julai na Oktoba kuja kuzaa.

Walio Uganda mna boti ya maporomoko ya Murchison, kutoka Paraa kupanda Nile hadi karibu na pale mto mzima unapojipenyeza kwenye mwanya wa mita saba hivi. Mnao pia mfereji wa Kazinga. Kenya mna Shimoni na pomboo wa Kisite. Na mwenye fedha za kwenda visiwa vya Galápagos, aende. Ila jambo moja la kule tuliige: kila kiongozi ana wageni wasiozidi 16, na hakuna kusogelea mnyama chini ya mita mbili. Huku kwetu jazeni wajukuu wenu peke yao kwenye boti mkiweza. Boti ya watu wengi ni basi la majini.

Wengi hapa mna wajukuu Muscat, London, Minnesota. Wanakuja Julai, na mambo ni mawili. Kwanza, walikulia kusiko na malaria, hawana kinga hata kidogo. Wazazi wawapitishe kwa daktari wapate dawa za kuzuia kabla ya kupanda ndege, na usiku walale kwenye chandarua, wasibishe. Pili, hifadhini anayebeba pasipoti ya nje analipa kiingilio cha mgeni. Utakuta ndugu wawili, mmoja wa shilingi, mwingine wa dola. Jipangeni mapema msije mkaanza kulaumiana langoni. Walio chini ya miaka mitano hawalipi.

Nguo: mbung'o wanavutwa na buluu na nyeusi. Jinzi zibaki nyumbani.

Usalama sasa, na hapa sina utani. Jaketi okozi la kimo cha mtoto. Siyo la mtu mzima lililokazwa kwa kamba, maana mtoto akitumbukia linampanda kichwani na yeye anabaki chini. Muulizeni mwenye boti kabla ya kulipa, na muoneshwe. Mikono ndani ya boti muda wote. Na mtazameni nahodha: akiwa anaijua kazi, hajiweki kati ya kiboko na maji ya kina, kwa sababu kiboko akishtuka hukimbilia huko. Ukiona anawasogelea ili akufurahishe, mwambie arudi nyuma. Wewe ndiye bibi, wewe ndiye babu, una haki ya kuharibu furaha.

(Swali kutoka kwa mzee mmoja: na akichafukwa na bahari?)

Ondokeni asubuhi, kabla upepo haujaongezeka. Ale kidogo, asiondoke na tumbo tupu wala chai nzito ya maziwa. Akae katikati ya boti, atazame mbali, simu aiweke. Tangawizi inawasaidia baadhi. Ikishindikana rudini, papa potwe wapo mpaka Machi.

(Swali: simu je, wakiingia nazo?)

Mimi huziruhusu baada ya nusu saa ya kwanza. Mkiweza kuzikataa kabisa, mniambie mlivyofanya. (Kicheko.)

Kwa mnaotaka Mafia Desemba hii, anzeni kuuliza nafasi sasa, maana sikukuu huwa kumejaa. Katibu anaandika majina pale mlangoni. Tukipata boti ya kwetu wenyewe, gharama tutagawana.