Pima jiwe lako kwa kinu na karai kabla hujalipa karasha

Mwangaluka, ndugu zangu wa Nzega, Igunga na popote mnaponitazama. Huo mngurumo nyuma yangu ni karasha, mashine ya kusagia mawe, mnivumilie. Leo hatuendi huko. Tunabaki hapa chini ya mwembe na kinu cha chuma, karai, beseni mbili na ndoo ya maji, tupime jiwe kama lina dhahabu, kabla halijatutia hasara.

Nianze na hasara yangu mwenyewe. Mwaka juzi nilipima jiwe kwa kinu cha kuazima. Mkia, ule mstari wa dhahabu unaobaki kwenye karai, ukatoka wa manjano, mpaka nikaupiga picha nikawatumia jamaa. Nikakodi gari, nikapeleka viroba arobaini vya kilo 50, yaani tani mbili, nikalipia kusaga, nikalipia waoshaji. Mali, yaani dhahabu, iliyopatikana haikurudisha hata hela ya gari. Jiwe wala halikuwa na kosa. Aliyekitumia kile kinu kabla yangu alikuwa ametwanga jiwe lenye mali, na unga wake ulibaki umeganda kwenye kuta. Dhahabu ni laini, ukiipiga chuma kwa chuma inajipaka kama siagi. Mimi nikapima jiwe la mwenzangu, nikalipia la kwangu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si jiwe, ni kinu. Mdogo wangu, sogeza simu hapa ndani waone. Unaona huo weusi chini? Sugua kwa mchanga na maji, suuza, kausha. Halafu chukua jiwe jeupe la porini, lile ambalo una hakika halina kitu, ulitwange kama unavyotwanga sampuli. Unga wake usiutupe. Uoshe kwenye karai. Ukiona hata chembe moja ya manjano, kinu bado kichafu, rudia. Leo nimerudia mara mbili kabla hamjafika. Na karai nalo: likiwa jipya lina mafuta ya kiwandani, na dhahabu nyembamba ikishika mafuta huelea juu ya maji ikaondoka nayo. Lichome kwenye moto mpaka moshi uishe, halafu lioshe kwa sabuni.

Sasa jiwe. Hapa ndipo watu wengi wanajidanganya kwa mikono yao. Ukishuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, macho yanakwenda kwenye kipande kizuri chenye kutu na vidoti. Unakichukua, unakipima, unafurahi. Lakini karasha halichagui, litasaga vyote. Picha hii tuliichukua jana: mshipa una upana wa hatua moja ya mguu, kushoto jeupe, katikati lina kutu, kulia la kijivu lenye weusi. Gonga vipande vidogo kwa mstari, kuanzia ukuta wa kushoto hadi wa kulia, bila kuruka pabaya. Kama mkichimba mnabeba na sehemu ya ukuta, basi na ukuta uingie kwenye sampuli. Kusanya kama kilo tano. Andika kwenye mfuko: duara gani, kina gani, tarehe gani. Na kama duara si lako, omba ruhusa kwanza, tusije tukagombana na wenyewe.

Kilo tano hatuzitwangi zote, mikono ingekufa. Tunavunja kwa nyundo mpaka vipande viwe kama punje za mahindi, tunachanganya, tunamwaga kuwa kichuguu juu ya turubai safi. Bonyeza kichuguu kiwe bapa, kigawe kwa fimbo mafungu manne kama unavyokata chapati. Chukua mafungu mawili yanayotazamana, mengine weka pembeni. Changanya, gawa tena. Ukifika kilo moja na ushee, simama. Usichague kwa jicho, na yale mavumbi ya chini ya turubai uyagawe pia, kwa sababu mali hupenda kukaa kwenye vumbi.

Kutwanga. Funga mdomo wa kinu kwa kitambaa, mchi upite katikati, na wewe ufunge pua na mdomo. Vumbi la jiwe jeupe likiingia kwenye mapafu halitoki. Silikosisi haina dawa ya kuiondoa, na hurahisisha kifua kikuu kukushika. Nimezika rafiki, kwa hiyo hapa sitanii. Kaa upande unaotoka upepo, watoto wawe mbali. Chekecha mara kwa mara, kilichobaki juu ya chekeche kirudi kinuni, mpaka chote kipite kiwe laini kama unga wa sembe. Mwenye haraka huishia kwenye chenga za dona, na dhahabu iliyofungwa ndani ya chenga haionekani, inaondoka na mchanga.

Pima kilo moja kamili kwa mizani. Hiyo kilo moja ndiyo itakayotupa hesabu baadaye, usikadirie.

Unga ndani ya karai, maji juu yake, na matone mawili ya sabuni ya maji. Sabuni inazuia zile chembe nyembamba zisielee. Vunja madonge yote kwa vidole mpaka maji yawe tope. Karai lote liwe juu ya beseni, kitu chochote kisimwagike chini. Sasa angalia mikono: natikisa kushoto na kulia, kwa nguvu kidogo, karai likiwa bapa. Hapo dhahabu inashuka. Uzito wake ni mara 19 ya maji, jiwe jeupe halifiki hata mara tatu, kwa hiyo ukiipa nafasi ya kutulia itazama yenyewe. Kisha nainamisha, maji yanachukua tabaka la juu tu. Natikisa tena, nainamisha tena. Wanaoharibu ni wale wanaozungusha karai kwa mbwembwe, mchanga unaruka na mali inaruka nao.

Tumebakiwa na kijiko kimoja cha mchanga mweusi. Mwingi wa huo unashikwa na sumaku. Hii nimeitoa kwenye spika ya redio mbovu, nimeivika mfuko wa nailoni. Ipitishe ukiwa na maji ndani, taratibu, halafu vua mfuko juu ya beseni, mweusi unadondoka. Sasa maji kidogo sana, karai upande mmoja, na ugonge ukingo kwa kiganja. Mchanga unarudi nyuma, mkia unabaki mbele.

Mdogo wangu, njoo karibu kabisa. Zile tatu mnaziona? Sasa naweka kivuli kwa mkono wangu. Jiwe la kung'aa, ile dhahabu ya uongo inayowadanganya wageni, linang'aa juani na kuzimika kivulini. Hizi hazijazimika, bado za manjano. Nachoma moja kwa sindano: imebonyea, haikuvunjika. Ingekuwa ile ya uongo ingepasuka ikawa unga mweusi. Hapa hatuhitaji zebaki. Kuna wanaoitia kwenye karai la kupimia halafu wanaichoma kwenye kijiko jikoni, na moshi wake ni sumu kwa mama na watoto waliomo.

Hesabu sasa. Miligramu moja ndani ya kilo moja ya unga ni sawa na gramu moja ndani ya tani. Miligramu moja ya dhahabu, kwa ukubwa si kwa uzito, ni kama punje mbili za chumvi laini ya mezani. Chembe zetu tatu ni nyembamba kama magamba, nikizikusanya pamoja nazihesabu punje tatu za chumvi, nne nikijipendelea. Yaani gramu moja na nusu, au mbili, kwa tani. Na mwalo wa karasha, ule mteremko wa kuoshea unga, hautakupa yote. Mara nyingi unapata nusu au chini ya hapo, nyingine inabaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, na marudio kwenye makarasha mengi ni ya mwenye karasha, si yako. Yeye atayauza kwa watu wa sayanidi, dawa ya sumu inayoyeyusha dhahabu. Ndiyo maana anaweza kukusagia kwa bei ya chini huku anatabasamu.

Mtu ataniambia mbona mgodi mkubwa wa Golden Pride pale Lusu, Nzega, ulidumu zaidi ya miaka kumi kwa mwamba wa gramu chache tu kwa tani. Kweli, lakini wao walisaga laini na kuyeyusha dhahabu kwa sayanidi, tena kwa tani nyingi kila siku. Wewe una viroba arobaini na gari la kukodi.

Jambo moja kabla sijamaliza. Mkia ukitoka mtupu si lazima jiwe liwe halina kitu. Jiwe la juu lenye kutu limeoza, dhahabu yake imekuwa huru. Ukishuka chini ya usawa wa maji, lile la kijivu bichi, mali inaweza kuwa imejificha ndani ya jiwe la kung'aa na karai haliioni. Hilo peleka maabara. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, wanapima sampuli za wachimbaji wadogo.

Haya, narudia mchanga wa beseni, kuhakikisha sikupoteza kitu. Natikisa... nainamisha... Chembe moja, ndogo sana. Basi tuseme mbili kwa tani. Viroba hivi havipandi gari leo. Kesho tunashuka tena kuchukua mstari mwingine mita tatu mbele, na kinu kitasuguliwa upya. Mdogo wangu, zima, simu imebaki asilimia nne.