Gereza la Attica: ukali uliingia na wafungwa, au ulizaliwa humo?

REHEMA: Karibuni. Leo tuko Attica, jimbo la New York. Tarehe 9 Septemba 1971 wafungwa waliteka sehemu ya gereza wakashika askari na watumishi mateka. Kaka Salim, saikolojia inasemaje?

SALIM: Inabishana, dada. Mwaka 1962 wanasosholojia John Irwin na Donald Cressey walisema mfungwa haingii gerezani mtupu. Anaingia na mazoea ya mtaani, genge lake, namna aliyojifunza kudai heshima. Na Irwin aliyajua hayo kwa mwili wake. Alishafungwa California kwa unyang'anyi wa kutumia silaha kabla hajawa msomi.

REHEMA: Sikatai. Ila Attica ilijengwa kwa watu wapatao 1,200, ikajazwa zaidi ya 2,200. Kuoga mara moja kwa wiki! Karatasi za chooni, roli moja kwa mwezi!

SALIM: Hapo unamwita mwanasosholojia Gresham Sykes, aliyesema gereza lenyewe ndilo linalombadilisha mtu.

REHEMA: Ndiye. Mwaka 1958, baada ya kulichunguza gereza la Trenton, New Jersey, alitaja mambo matano anayonyang'anywa mfungwa: uhuru, mali na huduma, mapenzi, kujiamulia, na usalama. Hilo la mwisho ndilo linalonigusa. Umefungiwa na watu unaowaogopa, kila siku unapimwa. Ukionekana mnyonge, umekwisha. Basi hata mpole anajifunza kupiga kwanza.

SALIM: Na kujiamulia je? Mtu mzima anaamriwa, akiuliza sababu hajibiwi. Hasira hiyo inajilimbikiza.

REHEMA: Sasa niambie: kama ukali wote uliletwa kutoka nje, wafungwa zaidi ya elfu moja walipobaki uwanjani bila askari wangemalizana. Badala yake walichagua wasemaji, wakaandika madai ya matibabu na uhuru wa dini. Wafungwa Waislamu wakawalinda mateka.

SALIM: Tusiwapambe lakini. Askari William Quinn alifariki kwa kipigo, na wafungwa watatu waliuawa na wenzao.

REHEMA: Kweli, na ni damu ya watu. Ndiyo maana siwezi kumtupa Irwin.

SALIM: Na jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford? Agosti ya mwaka huohuo mwanasaikolojia Philip Zimbardo aliwagawa wanafunzi katika gereza la kuigiza, wengine askari, wengine wafungwa. Wiki mbili zilizopangwa zikaishia siku ya 6.

REHEMA: Silitegemei. Rekodi za jaribio hilo zilionyesha "askari" walihimizwa kuwa wakali.

SALIM: Kwangu hapo ndipo penye funzo: ukali ulipewa baraka na wakubwa.

REHEMA: Basi tuiangalie tarehe 13 Septemba. Gavana Nelson Rockefeller alikataa kufika Attica, akaruhusu gereza likombolewe kwa silaha. Waliokufa katika tukio zima ni 43. Risasi za operesheni hiyo ziliua 39, wakiwemo mateka 10. Kwanza maofisa walisema wafungwa wamewachinja mateka, magazeti yakachapisha, watu wakaamini. Picha ya mfungwa muuaji ilikuwa tayari vichwani mwao.

SALIM: Kisha daktari akachunguza maiti.

REHEMA: Akakuta majeraha ya risasi. Na wafungwa hawakuwa na bunduki.