Friza la samaki linasoma 238: tutibu char kabla ya kuhamia Raspberry Pi

Wadau, habari za saa hizi. Leo tunaangalia programu moja ya C inayotunza joto kwenye char, aina ya namba ya baiti moja: kwenye laptopu inasema nyuzi -18, ukiipeleka kwenye Raspberry Pi, ule ubao mdogo wa kompyuta, inasema 238. Nilimfungia mteja kihisio cha joto kwenye friza, mama mmoja anayechukua samaki soko la Feri. Usiku king'ora kikalia mpaka alfajiri. Samaki wameganda kama mawe, programu inadai wanaungua. Hela ya ufundi niliirudisha.

Terminali unajua kuifungua. Andika:

sudo apt install gcc-aarch64-linux-gnu qemu-user

Ya kwanza ni kompaila ya ARM, aina ya prosesa iliyomo kwenye Raspberry Pi, ila inakaa kwenye laptopu yako ya Intel. Ya pili inaigiza prosesa ya ARM, usilazimike kuwa na ubao mkononi. Ubao ninao wa kuuza, lakini leo sikulazimishi.

Faili ni joto.c. Natumia vim, watu wa nano msininunie. Mstari wenye kesi ni huu: char joto = -18; na chini yake printf ya %d. Kompaili kwa gcc ya kawaida, endesha... -18. Safi. Sasa ya ARM:

aarch64-linux-gnu-gcc joto.c -o joto-arm
qemu-aarch64 ./joto-arm

Eeh, ngoja. Inalalamika haioni /lib/ld-linux-aarch64.so.1. Sikati kipande hiki, maana na wewe utakutana nacho. Nimesahau -static. Maktaba za ARM haziko mahali inapozitafuta, basi zibebwe ndani ya programu yenyewe. Narudia, na -static... Haya. 238.

Baiti yenyewe haijabadilika hata biti moja. -18 katika biti nane ni 0xEE kwa heksadesimali, na 0xEE ukiisoma bila hasi ni 238. Lugha ya C haikuamua kama char iwe na hasi au isiwe nayo, iliwaachia watengeneza kompaila. Kwenye Linux, char ya Intel na AMD ina hasi, ya ARM haina. Ni mambo ya zamani: ARM za mwanzo zilikuwa na amri ya ldrb, inayopakia baiti na kujaza sifuri juu yake. Ldrsb, inayotunza hasi, ilikuja na ARMv4. Na usiniambie una Mac ya M1, nayo ni ARM, utapimia humo. Apple waliamua char yao iwe na hasi. Utaona -18, utalala fofofo, mteja ndiye atakayekesha.

Dawa: juu weka #include <stdint.h>, halafu char joto iwe int8_t joto, namba ya biti nane yenye hasi kila mahali. Kompaili, endesha. -18.

Usifunge laptopu! Hapa ndipo nilipochemka. Nilibadilisha joto peke yake, nikaiacha fankisheni inayoamua king'ora kilie, imeandikwa lia(char j). Mlangoni inaingia -18, ndani inakuwa 238 tena. Na -Wall, inayowasha maonyo ya kompaila, kimya kabisa. Kwa hiyo vigezo vya fankisheni pia. Andika grep -n char *.c, pitia mstari mmoja mmoja. Angalia na kile ambacho fankisheni inarudisha. Vigezo vya fankisheni, jamani, nilipanda daladala mara mbili kwa ajili ya hiki kitu. Zile char za maandishi, majina na ujumbe, ziache, haziumwi.

Halafu ukikuta char c = getchar(), ifanye int c. EOF, alama ya kwamba data imeisha, ni -1, na kwenye ARM char isiyo na hasi haifiki huko hata siku moja. Kitanzi kitazunguka mpaka umeme ukatike.

Najua kuna atakayeandika chini hapo, "weka tu -fsigned-char", ya kulazimisha char iwe na hasi. Inafanya kazi, ila siipendi. Kesho fundi mwingine akompaili bila hiyo, samaki wanaungua upya. Ninayoipenda ni ndugu yake:

gcc -funsigned-char joto.c

Laptopu inajifanya ARM kwa upande wa char, bila qemu. Kama kuna char uliyoisahau, inajitokeza hapo hapo mezani.

Kihisio, ubao na king'ora nauza kwa pamoja, bei iko chini ya video. King'ora siku hizi kina swichi ya kukizimia.