Vichujio Viwili Havikai Zizi Moja

Mabibi na mabwana, mlionisikia hapo awali mnajua ninakoelekea. Wengine nawaomba, mtakaporudi nyumbani, mkitazame kile kitufe cha kuzungusha kilicho nyuma ya sabufa, ile spika ya besi, chenye namba za hezi, yaani mitetemo kwa sekunde, kisha mjiulize ni nani aliyekiweka kilipo na kwa sababu gani. Mara nyingi kiko katikati, kwa kuwa katikati huonekana kuwa na busara.

Ninalolalamikia ni kwamba risiva ya sinema ya nyumbani tayari ina krosova yake, yaani kichujio kinachopeleka besi kwenye sabufa na sauti nyingine kwenye spika, na kitufe kile ni krosova ya pili juu ya ya kwanza. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Tuseme risiva imewekewa mpaka wa hezi 80. Katika mgawanyo uliopangwa vyema, kwenye mpaka huo sabufa huwa imeshuka kwa desibeli 6, yaani wimbi lake limebaki nusu, na spika nazo zimeshuka vivyo hivyo. Nusu na nusu zikifika kwa pamoja, sauti hukamilika na sikio halioni mshono. Sasa zungusheni kitufe cha sabufa nacho hadi 80 “ili vilingane”, kama ninavyoelezwa kila mara kwa fahari. Ikiwa vichujio ni vya aina moja, sabufa imepunguzwa nusu ya nusu, desibeli 12, na kwa kuwa kila kichujio huchelewesha wimbi kidogo, robo iliyosalia haifiki tena sambamba na nusu ya spika, na huenda ikaipunguza badala ya kuiongezea. Gitaa la besi hufifia. Mwenye nyumba huongeza sauti ya sabufa ili azibe pengo. Na milipuko ya hezi 30, ambayo haikuwa imeguswa na kosa lile, huanza kutikisa madirisha. Kisha sabufa ndiyo inayolaumiwa!

Mtaniuliza, basi kitufe kiliwekwa cha nini? Kiliwekwa kwa ajili ya anayetumia amplifaya ya stereo isiyo na krosova. Ninyi wenye risiva, kizungusheni hadi mwisho wa juu, au tumieni tundu lililoandikwa LFE (jina la chaneli ya besi ya filamu), ambalo katika sabufa nyingi hukiruka kichujio hicho.

Najua pia yupo atakayenung’unika kwamba spika zake ni ndefu, zimesimama sakafuni, na haiwezekani menyu ya risiva iziite “ndogo”. Neno hilo limewaumiza watu wazima kuliko inavyostahili. Menyu haipimi sanduku; inauliza tu kama besi iliyo chini ya mpaka ipelekwe kwenye sabufa. Koni ikitakiwa kutoa sauti ya kiwango kilekile kwa nusu ya masafa, hulazimika kusafiri mara nne: kutoka hezi 80 hadi 40 ni mara nne, na hadi 20 ni mara kumi na sita. Ukiziondolea spika mzigo huo, sauti za katikati huwa safi zaidi na amplifaya hupata nafasi ya kupumua. Hata risiva zinazojipima zenyewe kwa maikrofoni huandika “kubwa” mara nyingi mno, kwa hiyo hakikisheni baada ya kipimo.

Kuhusu namba yenyewe, anzeni na 80, kiwango kinachopendekezwa na THX, shirika la viwango vya sauti za sinema, kwa sababu chini yake sikio hupata taabu kutambua sauti inatoka upande gani. Mkipanda hadi 150, sauti nzito ya mwanamume, ambayo msingi wake waweza kuwa karibu na hezi 85, itaanza kusikika ikitoka pembeni, mahali ilipo sabufa. Spika ndogo mno hazina hiari, nazo zikihitaji 120, sabufa isogezwe mbele, karibu nazo.

Nilikusudia kuzungumzia athari za chumba, lakini mwenyekiti ananitazama. Fazi, yaani kama mawimbi ya sabufa na ya spika yanakwenda sambamba: chezeni mlio ulio kwenye masafa ya krosova, mmoja akae kitini, mwingine abadilishe swichi ya fazi kwenye sabufa, mchague upande unaovuma zaidi. Na ule mpangilio wa menyu unaoitwa kichujio cha LFE si krosova ya spika. Uacheni kwenye 120, kwa kuwa chaneli hiyo hubeba sauti hadi kufikia hapo.