Kuhama PostgreSQL 13 kwenda 17: vitu ambavyo bakapu haivibebi

ZUHURA: Karibuni. Leo ni PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data, kutoka toleo la 13, lililoacha kutunzwa Novemba 2025, kwenda la 17. Baraka, mtu kaweka toleo jipya, kalielekeza kwenye folda ileile ya data. Seva haiwaki.

BARAKA: Haiwezi kuwaka. Toleo kubwa jipya halisomi folda ya toleo lililotangulia. Data inatolewa kwa pg_dump, zana yake ya kutoa bakapu, inamiminwa upya kwenye seva mpya. Shida ya kwanza ni pg_dump ipi.

ZUHURA: Si ile ya 13, inayoijua seva yake?

BARAKA: Hapana dada, ya 17. Mpya inasoma seva ya zamani. Ya zamani ikikutana na seva mpya inagoma. Yaliwakuta GitLab, kampuni ya kuhifadhi kodi za programu, Januari 2017. Seva yao 9.6, pg_dump iliyokuwa ikiitwa ni ya 9.2. Bakapu zikawa zinafeli kimyakimya, hata barua pepe za tahadhari hazifiki. Data ilipofutwa kimakosa, wakaokolewa na nakala ya diski ya saa kama 6 nyuma.

ZUHURA: Haya, amri.

BARAKA: Zima kwanza programu zote zinazoandika. pg_dump inachukua data ilivyokuwa pale ilipoanza. Kinachoingia baadaye hakimo. Halafu:

`pg_dump -p 5432 -Fd -j 4 -f /bakapu/duka duka`

Ukitaka -j, yaani kazi kadhaa kwa pamoja, wakati wa kutoa, lazima iwe -Fd, bakapu ya mfumo wa folda.

ZUHURA: Hapo wengi wanafunga kompyuta.

BARAKA: Na watumiaji hawajatoka! Wao ni wa seva nzima, si wa hifadhidata moja.

`pg_dumpall -p 5432 -g > watumiaji.sql`

Faili hilo ndilo linaloingia kwanza kwenye seva mpya, kwa psql, zana ya kuipa seva amri. Ukiliruka, majedwali yanakosa wenyewe na programu inanyimwa ruhusa.

ZUHURA: Na nenosiri ni lilelile, ila linakataliwa?

BARAKA: Fungua pg_hba.conf, faili la kanuni za nani aingie na vipi. Toleo la 13, usipolibadilisha, linahifadhi nenosiri kwa md5, njia ya zamani ya kulificha. Seva mpya ikidai scram-sha-256, njia mpya zaidi, hiyo md5 haina kazi. Andika md5 pale kwa muda, inakubali zote mbili, kisha kila mtumiaji awekewe nenosiri upya.

ZUHURA: Sasa kurejesha.

BARAKA: `pg_restore -p 5433 -C -e -j 4 -d postgres /bakapu/duka`

Hapo -C inaunda hifadhidata yenyewe. Debian na Ubuntu huipa seva ya pili mlango (port) 5433. Ukisahau -p unagonga seva ya zamani. Bila -e, makosa yanapita tu na kazi inaendelea. Mnaotumia PostGIS, nyongeza ya data za ramani, kifurushi chake kiwepo kabla. Na maintenance_work_mem, kumbukumbu ya kazi kama kujenga faharasa, ipandishwe kutoka MB 64, lakini kwa hesabu: ukiweka GB 1 na -j 4, faharasa zinaweza kula GB 4 kwa pamoja.

ZUHURA: Imeisha bila kosa, ila ripoti ya sekunde moja sasa inakokota.

BARAKA: Takwimu ambazo seva hutumia kuchagua njia ya haraka ya kujibu maswali hazikuja na bakapu.

`vacuumdb -p 5433 --all --analyze-in-stages`

Inapita mara 3: ya kwanza makadirio ya harakaharaka, mbili zinazofuata zinayanyoosha.

ZUHURA: Ile ya 13 nifute?

BARAKA: Usifute, izime. Na izuie isijiwashe mashine ikizimwa na kuwashwa, maana programu moja iliyosahaulika ikiendelea kuandika 5432, utakuwa na data mbili zisizolingana.